Tanuri Zima

Wenzangu mliobaki kwenye moto, siku ya kuniaga mlisema niandike niliyoyajua kabla sijaingia nayo kaburini. Nilicheka, kwa sababu aliyesema hivyo ni Bakari wa kalibu za vikombe, na Bakari anakohoa kuliko mimi. Lakini nimekaa kitako, nimemshukuru Mungu kwa macho ambayo bado yanasoma, na nimeandika. Habari za vyeo na mishahara nimeziacha. Cheo changu mnakijua, na mshahara wangu mnaujua zaidi, maana ni huo huo mnaoupokea ninyi.

Nilianza kazi mwaka wa Uhuru, wiki chache kabla bendera haijapandishwa. Kiwanda kilikuwa banda moja la mabati pale Mikocheni, mali ya tajiri mmoja aliyetengeneza vikombe, sahani na vigae. Mimi nilikuwa kijana wa Mwananyamala, nimehitimu Kurani na kuanza vitabu vya fikihi, na marehemu baba aliniambia kuwa elimu ya dini haimkatazi mtu kubeba kuni. Siku ya kwanza Mzee Mshamu, fundi mkuu wa tanuri, hakunipa kazi yoyote. Alinikalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa mbele ya tundu la kuchungulia, akasema, "Tazama." Nikatazama mpaka adhuhuri.

"Umeona nini?"

"Moto, mzee."

"Rudi ukatazame."

Jioni akaniuliza tena. Nikamwambia moto wa asubuhi ulikuwa na wekundu wa pilipili iliyoiva, na huu wa sasa unaelekea rangi ya papai. Akafunga kikoi chake vizuri, akasema, "Kesho uje na chakula chako." Ndivyo nilivyoajiriwa.

Kipimajoto hatukuwa nacho. Tulikuwa na mashahidi. Hivyo ni vipande vya udongo, kila kimoja ukubwa wa kidole gumba, kimetobolewa katikati na kupakwa mng'aro uleule wa vikombe vilivyomo ndani. Unavipanga karibu na tundu, na moto ukikaribia kuiva unachomoa kimoja kwa ndoano ndefu ya chuma, unakiacha kipoe, unakigonga kwa ukucha. Kikilia kama kengele, vikombe vimeiva. Kikilia kama mlango wa choo, ongeza kuni. Mzee Mshamu hakukubali shahidi mmoja. "Hata kadhi anataka wawili," alisema. Nikamwambia kadhi anataka pia wawe waadilifu, wasiwe na kinyongo na yule wanayemshuhudia. Alinitazama, akasema, "Udongo hauna kinyongo. Ndiyo maana nimeuchagua."

Baada ya Azimio la Arusha kiwanda kikawa cha umma. Tajiri aliondoka, banda likapakwa chokaa, tukachagua kamati ya wafanyakazi. Kazi haikubadilika sana. Udongo mweupe uliendelea kutoka Pugu, kuni zikitoka Kisarawe, na vikombe vikaendelea kupasuka vilipotaka. Mwaka mmoja mvua iliingia kwenye udongo tusijue, tukachoma tanuri zima la vikombe, yaani vyote vilivyoenea mle ndani, na masikio yakadondoka karibu yote. Mzee Mshamu alikaa chini mbele ya mlango wa tanuri kama mfiwa. Duka la ushirika likaja likavichukua hivyohivyo, maana watu hawakuwa na vingine. Mpaka leo kuna nyumba Kinondoni nikienda napewa chai kwenye kikombe kisicho na sikio. Nakishika huku vidole vinaungua, nasema chai tamu.

Mzee Mshamu alipofariki nikarithi ndoo yake na ndoano yake. Wakati huohuo nilipewa darasa la elimu ya watu wazima, chini ya banda la kukaushia, baada ya zamu ya asubuhi. Mwanafunzi wangu mwenye bidii kuliko wote alikuwa Athumani, mtu wa Rufiji, mkubwa kwangu kwa umri, aliyewahi kuwa askari. Alipojua kusoma, alisoma kila kitu: magunia, vibao, karatasi ya kufungia dagaa. Na alichokisoma alikiamini. Nilijivuna naye sana.

Sasa nifike kwenye miaka ile ya taabu. Sabuni ilikuwa kwa foleni, sukari kwa foleni, unga kwa foleni na kujuana. Hata chaki ya kuandikia ilikuwa haba kiwandani. Na katikati ya ukata huo ndipo mashine mpya zilipomiminika. Kila shirika la umma lilikuwa na kitu kinateremshwa bandarini, kwa mkopo wa nchi hii au msaada wa ile. Wakubwa walikuja kutuhutubia. Walisema uchumi wetu ni gari lililozimika mlimani. Linataka kusukumwa mara moja kwa nguvu, kisha litawaka lenyewe. Sisi tukapiga makofi. Sote tulikuwa tumeshasukuma magari, tulijua yanaweza kwenda namna mbili: kuwaka, au kurudi nyuma.

Zamu yetu ilipofika tuliletewa tanuri refu. Lilikuwa refu kuliko msikiti wetu wa Ijumaa. Vikombe vibichi vilipangwa juu ya vitoroli, vikaingia upande mmoja polepole, na siku ya pili vikatoka upande mwingine vimeiva. Kuni halikutaka; lilikunywa mafuta mazito. Sharti lake lilikuwa moja: likishawashwa halizimwi. Likipoa ghafla, matofali ya dari yanapasuka na kuangukia vitoroli, na matofali yale hayakupatikana kwenye kiwanda cha saruji cha Wazo wala Tanzania nzima.

Alitakiwa mtu wa kwenda ng'ambo kujifunza kulitunza. Nilinyoa ndevu vizuri nikaenda kwenye usaili. Waliniuliza kama najua Kiingereza. Nikajibu najua Kiarabu cha vitabuni na rangi zote za moto. Mwenyekiti akaandika kitu kifupi. Aliyechaguliwa ni Silvesta, fundi umeme, Mkristo wa Newala, mdogo kwangu kwa miaka kumi. Alikaa huko miezi tisa, muda wa mtu kuumbwa na kuzaliwa, na kweli alirudi mtu mwingine. Alikuwa na koti jeupe na kalamu nne mfukoni. Picha yake ilitoka gazetini, amesimama mbele ya tanuri refu. Gazeti lile lilifungiwa vitumbua mtaani kwetu kwa mwezi mzima, nami niliepuka vitumbua.

Vijana, nawaandikia ukweli. Silvesta hakunikosea neno. Aliniita Maalim, aliniamkia kila asubuhi mbele za watu, na alipopita kwangu aliuliza moto umeamkaje. Lingekuwa jambo jepesi kama angekuwa na kiburi. Nilitafuta kiburi chake kwa bidii, sikukiona, na hilo likanikasirisha zaidi. Nilikuwa kama mke mkubwa aliyeletewa mwenzake, kisha akakuta mwenzake anamsalimia vizuri na kupika vizuri. Wageni walipokuja waliongozwa moja kwa moja kwenye tanuri refu. Siku moja walikuja watoto wa shule na mwalimu wao. Walipopita tanuri langu la mviringo mmoja wao akauliza, "Na lile ni choo?" Silvesta akamjibu upesi, "Lile ndilo baba wa hili." Alitaka kunisitiri. Nami nilitamani angecheka tu.

Tulikuwa tukitaniana wakati wa chai, na watu walikuwa wakisogea kusikiliza.

"Maalim, tanuri lako linakula kuni kama mkwe aliyekuja kusalimia," alisema.

"Langu linakula kuni za Kisarawe. Lako linakula fedha za kigeni."

"Sie tutaziuza nje hizi sahani. Sahani inaleta dola, dola inaleta mafuta, mafuta yanachoma sahani kumi."

"Na ile sahani ya kwanza inachomwa kwa nini?"

"Kwa mkopo, Maalim."

"Basi umeanza hadithi katikati."

Watu walicheka, na Silvesta akacheka kuliko wote. Kisha akasema kwa upole, "Lakini huwezi kuijenga nchi kwa kupuliza jiko kwa mdomo. Lazima mtu athubutu." Ghafla nikakumbuka kuwa adhana imekaribia.

Tangu chuoni nilijua hasadi inavyoyateketeza mema ya mtu kama moto unavyokula kuni, na mimi mtu wa kuni sikuhitaji kufafanuliwa. Nilifunga Jumatatu na Alhamisi ili niishinde. Nilishinda na njaa, nayo hasadi ikashinda na mimi.

Sasa lazima nieleze desturi ya ubao, maana wengi wenu hamkuikuta. Kwenye mlango wa kuingilia tanuri refu palikuwa na ubao mweusi. Zamu inayotoka iliiandikia zamu inayoingia. Kwa kuwa chaki ilikuwa haba, tuliandika kwa mkato: "Pampu funga." "Feni ya pili washa." "Kitoroli cha mwisho vuta." Na aliyetekeleza alilifuta neno lake, ili wa baada yake asilirudie.

Wiki ile mafuta kwenye tangi yalikuwa yamebaki ya siku chache. Silvesta alikuwa amezunguka ofisi zote za mjini akiomba. Tena feni moja ilikuwa imeanza kupiga kelele, na wafanyakazi wakawa na wasiwasi. Asubuhi ya siku hiyo alikuja kwangu amevaa shati safi.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba."

"Mie naenda tena mjini. Leo silali bila mafuta. Nina ombi. Zamu ya asubuhi ikikaribia kuisha, nipitishie jicho lako kwenye tanuri. Wale vijana wanatazama saa za mashine, wewe unatazama moto. Ukimaliza uwaandikie ubaoni hali yake, wapate kutulia."

Kwa nini aliniomba mimi? Kwa sababu aliniheshimu. Sijaipata sababu nyingine, ingawa nimeitafuta.

Saa tisa mchana niliingia. Nilichungulia matundu yote. Moto ulikuwa wa rangi ya papai kutoka mwanzo mpaka mwisho, mtulivu, mzuri, moto ambao Mzee Mshamu angetoa kofia mbele yake. Niliigusa feni, nikaona ni boliti tu iliyolegea, nikaikaza. Tanuri lilikuwa salama. Nilisimama pale nikaona wivu mpaka meno yakauma, kwa sababu lilikuwa zuri na halikuwa langu. Kisha nikachukua kipande cha chaki nikaandika ubaoni: TANURI ZIMA. Naapa kwa aliyeniumba, nilipoandika nilikuwa na maana moja tu, kama mtu asemavyo yai zima.

Nikaenda bombani kutawadha kwa ajili ya alasiri. Nilikuwa nimefika miguuni nilipotambua. Kwenye ubao ule, ambako kila siku waliandika pampu funga na feni washa, maneno yangu yalikuwa amri. Tanuri, zima. Na aliyekuwa anaingia zamu ya mchana kwenye vali za mafuta alikuwa Athumani, mwanafunzi wangu, anayeamini kila kilichoandikwa, hasa akiona ni mwandiko wangu.

Kutoka bombani mpaka ubaoni ni hatua mia mbili hivi. Nilisimama na maji yanatiririka kwenye vifundo vya miguu. Nikajiambia: Athumani si mtoto, atauliza. Nikajiambia: wapo wengine, watamzuia. Nikajiambia: wakati wa sala umeingia. Na chini ya yote hayo palikuwa na kitu kisichosema kwa maneno, kilichokuwa kinanishika kisigino. Niliswali. Siijui sala ile iliandikwaje huko inakoandikwa. Nilipotoa salamu nilivaa makubadhi nikatoka kwa lango la nyuma, nikaenda zangu nyumbani Mwananyamala kwa miguu.

Saa kumi na nusu Athumani alifunga mafuta. Alisoma mara mbili, wenzake walieleza baadaye, akasema, "Maalim kaandika lizimwe, mie nani nibishe?" Alifunga vali moja moja kwa uangalifu. Feni hakuzigusa, kwa kuwa hakuandikiwa feni. Zikabaki zinapuliza hewa baridi juu ya matofali mekundu. Kisha akafanya kama desturi ilivyotaka. Alichukua kitambaa akafuta ubao.

Dari lilianza kuanguka kabla ya magharibi. Walioisikia sauti yake wanasema ilikuwa kama mtu anavunja sahani moja moja kwa makusudi.

Asubuhi nilifika mapema. Nilikuta watu wamesimama mbele ya tanuri. Saa mbili lori la mafuta likaingia langoni, na ndani yake, kando ya dereva, alikuwa Silvesta, ametoa mkono dirishani anatupungia. Alikuwa ameyapata. Mimi nilikuwa karibu na lango kuliko wote, na niliuona uso wake kabla hajajua, na baada ya kujua.

Kamati ilikaa. Athumani alisema, "Niliandikiwa." Ubao ulikuwa mtupu. Wakaniita mimi, mtu wa dini, mwalimu, mtu wa miaka yote hiyo. Mwenyekiti akauliza, "Maalim, uliandika nini?"

Nikasema, "Niliandika kwamba tanuri ni zima."

Mmeona nilichofanya. Niliongeza "ni". Herufi mbili tu, na herufi hizo hazikuwako ubaoni. Kwa herufi hizo Athumani akawa ni mzee asiyejua kusoma, na Silvesta akawa ni bosi aliyeacha mali ya umma mikononi mwa mzee asiyejua kusoma. Athumani alinitazama. Nadhani aliniamini, alidhani kweli lile "ni" lilikuwepo na macho yake yalilipita. Walimpeleka kuchimba udongo Pugu, akarudi Rufiji, na ameshatangulia mbele ya haki. Nimekwenda kwa mjane wake nikamweleza. La Athumani mwenyewe nitaulizwa huko huko aliko. Silvesta aliambiwa atafute kazi mahali pengine.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya niandike. Matofali hayakupatikana, dola hazikuwepo, tanuri refu likafugiwa kuku na mlinzi. Tukarudi kwenye kuni, na mimi nikarudi kuwa mtu. Kila mgeni aliyeuliza kwa nini mashine mpya zilishindwa kuinua uchumi aliletwa kwangu. Wengine walikuja kutoka chuo kikuu pale Mlimani na madaftari. "Maalim, wewe ulionya tangu mwanzo?" Nikawa naitikia kwa kichwa. Niliwaambia mashine za kigeni hazituwezi, na sisi hatuziwezi. Niliwaambia ukimvisha mwenye njaa saa ya mkononi hashibi, atajua tu saa ya njaa. Waliipenda sana hiyo. Kwa miaka hiyo yote walikuwa wanajenga elimu yao juu ya tanuri ambalo lilizimwa na wivu wa mtu mmoja.

Mwaka huu, kabla sijastaafu, mnakumbuka mkutano wa wafanyakazi. Meneja alisema mkopo umepatikana, kuna tanuri jingine refu, dogo kuliko lile. Nyie mkanigeukia. Bakari akasema, "Maalim, simama uwaambie hawa. Wewe ndiye shahidi." Nilisimama. Nikaona nyuso zenu. Nikasema nina kizunguzungu, nikaketi.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwa Silvesta. Hakukaa mbali nami miaka yote hiyo. Ana kibanda nyuma ya hospitali ya Mwananyamala, anatengeneza majiko ya mafuta ya taa. Nilikuwa nikizunguka njia ili nisipite hapo.

"Shikamoo, Maalim," alisema, bila kuinuka, maana alikuwa na jiko mapajani. "Karibu kigoda. Nimesikia unastaafu. Watakupa nini?"

"Redio, nasikia."

"Waambie waijaribu kwanza. Mie waliponiaga walinipa barua tu, nayo ilikuwa na makosa ya tahajia."

Nikakaa. Nikasema, "Silvesta, siku ile sikuandika 'ni'."

"'Ni' ipi?"

"Niliandika 'tanuri zima'. Hivyo tu. Halafu nikatambua itasomwaje, na sikurudi kuifuta."

Alikuwa na pini anazibua tundu la jiko. Aliiweka chini.

"Ulitambua saa ngapi?"

"Nikitawadha alasiri."

"Na Athumani alifunga saa kumi na nusu."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ungeswali, ukarudi, ukafuta, ukanywa na chai."

"Ningeweza."

Mteja mmoja, mama aliyekuja na jiko, akauliza kama lake limeisha. Silvesta akamwambia, "Bado, mama, rudi kesho, leo nimepata mgonjwa." Yule mama akaniangalia kwa huruma akaondoka.

"Mie nilimtukana yule mzee," Silvesta akasema. "Athumani. Nilimwambia elimu ya watu wazima imepita kichwani kwake kama maji ya mtaro. Alilia mbele yangu. Miaka yote nimelibeba hilo, kumbe halikuwa langu wala lake."

"Nilikuonea wivu," nikasema.

"Wivu wa nini? Mie nilikuwa nakuja kwako kila asubuhi kujifunza, sijui kama ulijua. Nikiuliza moto umeamkaje, nilikuwa nasikiliza unavyojibu."

Hilo sikulijua. Afadhali angenitukana.

Akaendelea, "Watu wanakujaga hapa, wanakaa hapo ulipokaa. Wanasema Silvesta, tanuri lako liliishinda nchi. Nawajibu huenda. Yale mafuta niliyoleta yalikuwa ya wiki mbili. Huenda mwezi unaofuata tungelizima wenyewe, taratibu, kwa hesabu, na tukajua kwa nini. Mie sikusema litaiokoa nchi; hayo walisema wakubwa. Mie nilitaka liachwe lishindwe lenyewe. Sasa hatujui. Hakuna anayejua, Maalim. Hicho ndicho ulichotuibia."

Nikamwomba anisamehe. Nilimweleza kwamba katika dini yetu haki ya mja haifutwi kwa toba peke yake. Mwenyewe aliyedhulumiwa aseme kwa ulimi wake.

"Basi ulimi wangu leo hauna neno," alisema. "Kawaambie wao kwanza. Halafu uje tuone."

Nilikwenda kwa meneja kesho yake, nikamweleza kama nilivyoeleza hapa, pamoja na herufi mbili. Aliniuliza, "Kwa hiyo Maalim, sasa unasema tanuri jipya lijengwe? Uchumi huu litauinua?" Nikamjibu kuwa mimi sina ushahidi. Mwenye kinyongo ushahidi wake hauchukuliwi, na mimi kinyongo ninacho hadi sasa. Yuko mtu mmoja katika mji huu aliyewahi kulilea tanuri refu likiwa hai. Nikataja jina. Lilitoka mdomoni zito, na nilipomaliza kulitaja nilijikuta natumaini meneja hakusikia vizuri. Alisikia. Akaliandika.

Tanuri jipya limejengwa, na Silvesta amekubali kulilea. Mmeshamuona, amekuja na vifaa vyake kwenye kikapu. Lakini mnaweza kuwa hamjui sharti alilolitoa: Jumatatu, siku ya kuwasha, mimi nisiwepo. Meneja aliniletea habari hiyo kwa aibu, akizunguka zunguka. Nilimwambia ni sharti la haki. Neno la msamaha bado hajalisema, nami simharakishi. Nina subira, Mungu amenipa muda wa kuitumia.

Sitawaambia, basi, kama mashine zitaiinua nchi hii. Nimewaambia miaka mingi, na sikuwa najua. Mtakachokiona Jumatatu na miezi itakayofuata kitakuwa chenu, na kama litashindwa, lishindwe mbele ya macho yenu, muandike sababu kwa maneno kamili.

Jana Bakari alipita nyumbani kuuliza kama nina neno la kumpelekea Silvesta kabla hawajawasha. Nilisema sina. Alipofika mlangoni nikamwita. Nikamweleza kwamba upepo wa mwezi huu hugeuka baada ya alasiri na kuvuta moto upande wa kutokea, na watu hudhani ni kosa la mashine. Nikamweleza kwamba udongo wa vuli wa kilima cha juu kule Pugu una chumvi, ulazwe kivulini siku saba kabla ya kuingia kalibuni, la sivyo dari la tanuri litalia machozi meupe. Hilo la pili sikuwahi kumfundisha mtu yeyote kati yenu. Ndilo lililokuwa likifanya vikombe vyangu viwe vyeupe kuliko vya wengine. Lilinitoka kwa shida kama jino.

Bakari aliyarudia yote mpaka nikaridhika. Kisha akauliza, "Nimwambie yametoka kwako?"

Neno ndiyo lilikuwa limeshanifika ulimini. Nikamwambia asimwambie.